Maelekezo ya Kupangusa

Usikipige dawa, alisema Syombua,
wala usikisugue kwa gazeti kama dirisha la ofisi.
Kipulizie pumzi, haa, ya kutoka kifuani,
kisha pangusa.
Nikacheka. Miaka tisa nadeki marumaru ya jumba hili la bima
hapa Upper Hill, sijaambiwa hata siku moja
kwamba pumzi yangu ni kifaa cha kazi.

Vipande mia tatu na sita
vinaning'inia kutoka paa la vioo hadi juu ya meza ya mapokezi.
Vilitoka Kariobangi, kwenye tanuri lake la oili chafu,
na kabla ya hapo vilitoka barabarani:
vioo vya mbele vya magari yaliyogongana,
taa za breki, chupa za dawa ya kikohozi,
madirisha ya nyumba za watu zilizobomolewa asubuhi moja
chai ikiwa bado jikoni.
Kampuni ililipa fidia ya baadhi ya vioo hivi
siku vilipovunjika.
Sasa imevilipia tena. Hilo hawalijui,
nami sikuajiriwa kuwajulisha.

Kilizinduliwa Julai.
Nani huzindua kioo Nairobi mwezi wa Julai?
Mbingu ilikuwa blanketi la kijivu, imeingizwa pembe zote nne.
Wakubwa walikata utepe, wakatazama juu, wakatafuna sambusa.
Bwana Lesirma wa Madai akauliza,
"Sasa hiki kitafanya nini?"
Kikaning'inia tu, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.
Kufikia Agosti kulikuwa na barua: kishushwe,
mahali pake pawekwe televisheni.

Agosti hiyohiyo, kila Ijumaa kabla ya kucha,
nilipanda ngazi nikavipulizia kimoja kimoja.
Ukungu wangu ulitanda nje.
Ndani, katika kiputo kisichozidi punje ya mtama,
mlikuwa na pumzi ya Syombua,
imefungwa humo tangu bomba lilipotoka motoni.
Wanawake wawili, na unene wa kioo katikati.

Jumapili moja nilimtembelea.
Dirisha lake limezibwa kwa katoni ya sabuni.
Mfinyanzi hulia gaeni, nikamwambia.
"Gae nalo hung'aa ukiliosha," akasema,
akanipa uji.

Jua la Nairobi lina nyumba mbili.
Juni hukaa kaskazini, upande wa mjini;
Desemba huhamia kusini, upande wa Lang'ata.
Katikati ya kuhama, hupita utosini mwetu
na kila mtu hukikanyaga kivuli chake.
Sikulijua hili mpaka siku ile ya Septemba,
saa sita na dakika ishirini na nne,
mawingu yalipofunguka
na mwanga ukashuka kama timazi la fundi.

Sakafu niliyotoka kuideki ikachafuka:
nyekundu ya breki, hudhurungi ya kikohozi,
kijani cha vioo vya mbele kikitetemeka
kama kitu kilichokumbuka mwendo.
Wanza wa mapokezi akaacha simu iite.
Bwana Lesirma akatoka kwenye lifti na faili kwapani,
akafika ukingoni mwa rangi, akasita,
akaizunguka,
kama mtu anavyouzunguka mkeka wa wanaokula.

Lugha yetu haikuhangaika kutafuta maneno mawili:
kioo cha kuonea wengine, kioo cha kujionea,
ni kioo tu.
Nilitazama juu nikaona anga, nikaona kitambaa changu cha kichwa,
nikashindwa kusema kipi kilikuwa mbali.

Rangi ya dirisha la mtu nisiyemjua
ilikaa begani mwangu, juu ya yunifomu.
Nikaichukua ndoo, nikatembea nayo hatua mbili.
Haikuja.

Nikarudi nikasimama palepale ilipokuwa,
dakika zilizobaki,
ndoo mkononi, sidai kitu.